Luigi Broglio, Mzee wa Roketi za Ngomeni

Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya nilikuwa Homa Bay kwa shangazi. Binamu yangu alichomeka fataki kwenye chupa ya soda, akaiwasha, sote tukatimua mbio. Fyuuu! Ikapita juu ya mabati, ikapasuka nyekundu upande wa ziwa. Nyanya alisema huko ni kuchoma pesa tu. Mimi nilibaki nikijiuliza kitu kile kinasukumwa na nini. Niliporudi Migori nikamuuliza mwalimu wetu wa fizikia, naye, badala ya kunijibu, akaniambia nikasome habari za Luigi Broglio. Hapo ndipo nilipojua kwamba roketi za kwenda angani zilirushwa humu humu Kenya kabla baba yangu hajazaliwa!

Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 mjini Mestre, karibu na Venice, nchini Italia. Alisomea uhandisi Roma, akawa profesa na pia afisa wa jeshi la wanahewa. Alitaka Italia iwe na setilaiti yake, lakini nchi haikuwa na roketi ya kutosha. Basi akafanya kama mkulima asiye na plau: akaenda kwa mwenye nayo. Wamarekani watoe roketi iitwayo Scout, Waitalia watengeneze setilaiti na kuirusha wenyewe. Tarehe 15 Desemba 1964 kikosi chake kilirusha San Marco 1 kutoka Wallops, Marekani. Hiyo ilikuwa mazoezi, kwani macho yake yalikuwa kwetu.

Kwa nini Kenya? Tazama makanga anayeruka kutoka matatu ambayo haijasimama: anatua akikimbia, maana gari limeshampa mwendo. Dunia nayo inazunguka kuelekea mashariki, na kwenye ikweta mwendo huo unapita kilomita 1,600 kwa saa. Setilaiti inahitaji kama kilomita 28,000 kwa saa ili isianguke, kwa hiyo ukiirushia hapo unapewa kianzio cha bure.

Niliposoma hayo nilikasirika kidogo, nisiseme uongo. Homa Bay iko nusu digrii tu kutoka ikweta, na Malindi ni karibu digrii tatu. Mbona hakuja kwetu? Nikachukua atlasi, nikapitisha rula kutoka Homa Bay kwenda mashariki: Kericho, Nyeri, Embu. Nikanyamaza. Scout ilikuwa na urefu wa mita 23 hivi, vipande vinne vimepandana. Kipande kikimaliza kuwaka kinaachwa kianguke, cha pili kinashika. Nani angekubali pipa la chuma limwangukie shambani? Mashariki ya Malindi ni bahari tupu. Broglio akasimamisha majukwaa baharini mbele ya Ngomeni, juu ya miguu ya chuma: San Marco la kurushia, na Santa Rita la kuongozea. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ikaruka kutoka pale.

Sasa nirudi kwa fataki, kwa sababu hiyo na Scout ni ndugu. Fataki ina baruti, yaani makaa, salfa na shura. Ikiwaka hugeuka gesi ya moto inayofyatuka kwa nyuma. Gesi ikisukumwa chini, fataki nayo inasukumwa juu. Ndiyo ile kanuni ya tatu ya Newton. Darasani wengi wetu (hata mimi) tulidhani gesi inasukuma ardhi au hewa. La! Roketi hujisukuma kwa gesi yake yenyewe, ndiyo maana inakwenda hata pasipo hewa. Oksijeni pia inajibebea. Katika fataki imo ndani ya shura. Scout haikutumia baruti hii ya dukani, lakini fueli yake ilikuwa ngumu vilevile, si ya maji, na ikishawaka huwezi kuizima. Lazima hesabu ziwe sawa kabla ya kiberiti.

Setilaiti zake Broglio zilipima hewa ya juu kabisa. Alibuni gamba jepesi lililozunguka kiini kizito. Hewa ile nyembamba ilipolisukuma gamba, chombo kilipima limesogea kiasi gani.

Tarehe 12 Desemba 1970, miaka saba kamili tangu Kenya ijitawale, kikosi chake kilirusha setilaiti ya Wamarekani kutoka pale pale. Ilikuwa ya kwanza kutumwa kwa kazi ya kutazama miale ya eksirei ya nyota pekee, na ilisaidia wanasayansi kutambua kwamba mahali panapoitwa Cygnus X-1 pana shimo jeusi. Ikabatizwa jina la Uhuru, Kiswahili safi. Mpaka 1988 Scout tisa zilikuwa zimeruka kutoka Ngomeni.

Broglio alifariki tarehe 14 Januari 2001, akiwa na miaka 89. Kituo cha Ngomeni kikapewa jina lake. Nimemsimulia binamu yangu haya yote, naye anasema namdanganya.