Mzee Kenyatta Alipokuwa Mwanafunzi London

Wengi wetu tunamjua Mzee Jomo Kenyatta kwa picha ya noti za zamani na za ukutani ofisini: ndevu, kofia, usinga mkononi. Leo nataka tumtazame Kenyatta mwingine, yule mwanafunzi wa ughaibuni ambaye kodi ya chumba ilimpiga chenga kama inavyotupiga sisi.

Alizaliwa upande wa Gatundu, Kiambu, miaka ya 1890 hivi, akaitwa Kamau wa Ngengi. Mwaka 1909 aliingia shule ya misheni ya Waskoti kule Thogoto, na alipobatizwa mwaka 1914 akawa Johnstone. Miaka ya 1920 alifanya kazi idara ya maji Nairobi, akipita kusoma mita. (Sisi wahandisi tuna haki ya kudai kwamba alianzia kwetu!) Mwaka 1928 akawa mhariri wa Muigwithania, gazeti la lugha ya Kikuyu la chama cha Kikuyu Central Association. Chama hicho ndicho kilichomtuma London mwaka 1929 kupeleka kilio cha ardhi iliyochukuliwa na walowezi. Alirudi nyumbani mwaka 1930, halafu mwaka 1931 akapanda meli tena. Safari hii ya pili ilimla miaka 15.

Hela za chama hazikutosha. Kwa miaka kadhaa alipanga chumba mtaa wa Cambridge Street, Pimlico, na kodi ikawa inalimbikizwa. Akafanya vibarua vya kila aina. Alijitokeza hata kwenye filamu ya Sanders of the River ya mwaka 1935, akiwa mmoja wa wale Waafrika wa nyuma wasio na jina, katika hadithi ya kumsifu mkoloni. Siku hizo hapakuwa na maboksi ya kubeba, lakini kazi ile naiona ni boksi tupu.

Sasa sikilizeni jinsi alivyoingia chuo kikuu. Kati ya 1935 na 1937 idara ya fonetiki ya University College London ilimwajiri kwa ajili ya sauti yake. Mtaalamu Lilias Armstrong alikuwa anachunguza lugha ya Kikuyu, ambayo neno hubadilika maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Kenyatta anatamka, mtaalamu anasikiliza na kuandika. Yaani mtu mzima, katibu wa chama, analipwa ili achunguzwe mdomo. Kitabu kilitoka mwaka 1940, baada ya Armstrong kufariki, na jina lililoko jaladani ni la Armstrong.

Lakini katika kipindi hichohicho alivuka upande wa pili wa meza. Bronisław Malinowski, mwanaanthropolojia aliyevuma sana wakati ule, alimpokea kwenye darasa lake la London School of Economics. Kenyatta hakuwa na digrii wala sifa za kawaida za kuingia pale, ila Malinowski alitaka watu wanaochunguzwa nao wawe wachunguzi. Basi yule msoma mita akakaa meza moja na watoto wa wakubwa, akiwemo Prince Peter wa Ugiriki na Denmark. Mwanafunzi mwingine wa Malinowski, Mmarekani mweusi Ralph Bunche, alimlipa Kenyatta amfundishe Kiswahili. Bunche huyo ndiye aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1950. Kumbe Kiswahili chetu kimelipa kodi za watu London tangu zamani!

Insha alizoziandika kwa ajili ya darasa zilizaa kitabu, Facing Mount Kenya, mwaka 1938. Humo alieleza kwamba ardhi ya Wakikuyu ilikuwa na wenyewe, mipaka na taratibu za kurithishana, wakati serikali ya kikoloni ikiichukua kana kwamba haina mwenyewe. Kile kilio alichotumwa nacho mwaka 1929, ambacho ofisi zilikipa kisogo, sasa kilikuwa kimeandikwa kwa lugha ya wasomi wao, na utangulizi wa profesa wao. Kwenye picha ya mwandishi amevaa ngozi na kushika mkuki, na jina la kwanza ni jipya: Jomo.

Hata hivyo elimu hii ilikuwa na bei yake. Mwaka 1931 alimwacha mkewe Grace Wahu na watoto wawili, Peter Muigai na Margaret. Margaret alikuwa na miaka kama mitatu. Vita vilipoanza mwaka 1939, Kenyatta akawa kibarua wa shamba huko Sussex, na mwaka 1942 akamwoa Mwingereza, Edna Clarke, wakapata mtoto wa kiume. Mwaka 1946 alipanda meli kurudi, akawaacha hao nao. Margaret alimpokea baba akiwa binti wa miaka 18.

Yaliyofuata mnayajua: kukamatwa Oktoba 1952, kesi ya Kapenguria, kifungo, uhuru wa 1963, urais. Lakini tusimpake mafuta tu. Mwisho wa mwaka 1977 serikali yake ilimweka kizuizini bila kesi Ngũgĩ wa Thiong'o, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, baada ya mchezo wa kuigiza wa lugha ya Kikuyu kuchezwa kijijini Kamiriithu. Mtu aliyepigania kusema habari za kwao kwa kinywa chake alishindwa kuwaachia wengine nafasi hiyohiyo. Alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, Ngũgĩ akiwa bado ndani.

Mimi ni mtu wa mahesabu, sina mengi ya kuongeza. Ila kila ninapoona utafiti wa maji au umeme wa kwetu, natazama kwanza majina ya waandishi, halafu natafuta mtu wetu yuko wapi: kwenye jalada, au kwenye shukrani tu? Ndugu zangu, tesisi zenu mnaandika juu ya nini, na nani wa nyumbani atazisoma? Tulijadili hili tukikutana.

Masomo mema, na pigeni simu nyumbani.