Daktari Duchenne na Siri ya Misuli

Guillaume Duchenne alizaliwa tarehe 17 Septemba, 1806, katika mji wa Boulogne, pwani ya Ufaransa. Baba yake alikuwa nahodha, akataka mwanawe naye awe mtu wa bahari. Lakini kijana alipenda elimu. Akaenda Paris kusomea udaktari, na mwaka 1831 akarudi kwao kutibu watu.

Mkewe alifariki baada ya kujifungua, na Duchenne akabaki katika majonzi makubwa. Baadaye alianza kuwajaribu wagonjwa kwa umeme. Akaona ya kuwa umeme ukitiwa juu ya ngozi mahali hasa panapotakiwa, msuli mmoja hujikaza peke yake. Hivyo aliweza kujua kazi ya kila msuli, na ni upi uliopooza.

Mwaka 1842 alihamia Paris. Hakuwa na cheo katika hospitali yo yote. Alizunguka wodi hata wodi na kisanduku chake cha umeme, na wakubwa wengine wakimdharau.

Huko aliwachunguza watoto wa kiume wenye ugonjwa wa ajabu. Mashavu ya miguu yao yalikuwa manene kama ya mpiga mbio, lakini kupanda ngazi hawakuweza, na mwisho hata kutembea kuliwashinda. Kwa nini misuli minene ikose nguvu? Duchenne aliunda kifaa mfano wa sindano, akatoa kipande kidogo cha msuli wa mgonjwa aliye hai, akakitazama kwa darubini. Mahali pa nyama aliona mafuta na nyuzi ngumu. Mwaka 1868 alitangaza habari hizo, na ugonjwa huo huitwa kwa jina lake. Dawa hakuipata. Alifariki mwaka 1875.

Siku hizi daktari aweza kuutazama msuli bila kuuchoma. Mashine ya altrasaundi hupeleka mwilini sauti isiyosikika kwa sikio, nayo hurudi kama mwangwi na kufanya picha. Msuli mzima huonekana mweusi. Ukiingiwa na mafuta na nyuzi, huonekana mweupe. Kwa njia hii hupimwa misuli ya vijana na ya wazee pia, kwa maana katika uzee nguvu hupungua upesi kuliko unene.

Basi, wenzangu, tusipime nguvu kwa macho tu. Duchenne aliwaona watoto wenye miguu minene, akauliza ndani yake mna nini.