Robert Serumaga, Aliyewafunza Vijana Kusema kwa Ngoma

Hapa kwetu Burundi hapana mtu asiyejua heshima ya ngoma. Wapigaji wa Gishora, karibu na Gitega, walijulikana tangu zama za wafalme, na mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma yetu ya kifalme katika urithi wa wanadamu wote. Hata hivyo, wako wanafunzi wanaodhani kwamba kucheza ngoma ni kazi ya jioni tu, ya kupumzisha akili baada ya masomo. Maisha ya Robert Serumaga wa Uganda yanatuonyesha kwamba ngoma yaweza kuwa somo lenyewe, tena somo gumu, na pengine la hatari.

Serumaga alizaliwa mwaka 1939, wakati Uganda ilipokuwa ingali chini ya Waingereza. Alisoma katika shule za St. Henry's College Kitovu na St. Mary's College Kisubi, kisha akavuka bahari kwenda Ireland, akajifunza elimu ya uchumi katika Trinity College, Dublin. Mtu mwenye elimu kama hiyo, katika miaka ile ya mwanzo wa uhuru, angeweza kupata meza kubwa serikalini au katika benki bila taabu. Lakini huko Ulaya moyo wake ulikwisha shikwa na michezo ya kuigiza, na aliporudi nyumbani katikati ya miaka ya 1960, aliichagua kazi ambayo watu wengi hawakuihesabu kuwa kazi.

Wakati huo Kampala ilikuwa na jumba zuri la maigizo, National Theatre, lililofunguliwa mwaka 1959. Jumba lilikuwapo, ila mengi yaliyoonyeshwa humo yalikuwa ya kigeni. Serumaga akaunda chama cha waigizaji kilichoitwa Theatre Limited, akaandika michezo yake mwenyewe na kuicheza. Aliandika pia hadithi ndefu, Return to the Shadows, iliyotolewa mwaka 1969. Katika mchezo wake Majangwa alimchukua mpiga ngoma wa barabarani na mkewe mcheza ngoma, watu waliodharauliwa na wapita njia, akawaweka mbele ya macho ya wakubwa.

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alitwaa serikali kwa nguvu. Haukupita muda mrefu watu wakaanza kutoweka. Neno moja lililosemwa hovyo liliweza kumpoteza mtu, na mwandishi wa michezo hutumia maneno kama fundi seremala atumiavyo mbao. Serumaga angefanya nini? Akinyamaza, kazi yake imekufa. Akisema waziwazi, atakufa yeye na waigizaji wake pamoja naye.

Hapo ndipo alipopata njia ambayo kwayo twamkumbuka. Aliwakusanya vijana waliotoka shuleni karibuni, akaunda kundi jipya, Abafumi, maana yake kwa Kiganda ni wasimulizi wa hadithi. Kundi hili lilikuwa shule kamili. Vijana walifundishwa kwa muda mrefu kabla ya kusifiwa na mtu yeyote: kuutawala mwili, kuvuta pumzi, kutumia sauti, kupiga ngoma, na kucheza ngoma za makabila mbalimbali ya Uganda. Mganda alijifunza hatua za Waacholi, na mtu wa kaskazini alijifunza za Waganda. Serumaga aliyajua mafundisho ya walimu wa maigizo wa Ulaya, kama Stanislavski wa Urusi na Grotowski wa Poland, lakini aliyatia katika chungu cha nyumbani, akapika chakula cha Kiafrika.

Mwaka 1972 alitoa Renga Moi, mchezo uliotokana na hadithi ya Waacholi. Renga Moi ni shujaa ambaye mkewe amezaa mapacha, hao ambao sisi kwa Kirundi twawaita amahasa. Mila yamkataza kumwaga damu kabla ya kutimiza desturi za mapacha wake, na wakati huohuo adui wanakishambulia kijiji. Afanye nini, awalinde watoto wake au awalinde watu wote? Anakwenda vitani, na arudipo anaukuta msiba nyumbani. Maneno ya mchezo huo yalikuwa ya lugha mbalimbali za Uganda, lakini yaliyosema zaidi yalikuwa miguu, mikono na ngoma. Kwa hiyo hata watu wa London, walioutazama mwaka 1975, waliweza kuufuata.

Mwaka 1974 alikwenda mbali zaidi katika Amayirikiti. Muyirikiti ni mti wenye maua mekundu kama moto. Mchezo huu haukuwa na mazungumzo. Mateso na mauaji ya nchi yalionyeshwa kwa miili ya wachezaji tu. Mdoya wa serikali aliyekaa ukumbini hakuwa na neno la kunukuu, na mtazamaji aliyefiwa na ndugu yake alielewa kila kitu.

Hata hivyo usalama huo haukudumu. Mwaka 1977 Byron Kawadwa, mtungaji mwingine mashuhuri wa michezo na mkuu wa National Theatre, alikamatwa na kuuawa na watu wa Amin. Mwaka huohuo Serumaga alikimbilia Nairobi. Huko akaacha jukwaa, akajiunga na waliokuwa wakipigana kumwondoa Amin. Amin aliposhindwa mwaka 1979, Serumaga alifanywa Waziri wa Biashara katika serikali ya Yusuf Lule. Serikali hiyo ilidumu siku 68 tu. Akarudi tena uhamishoni, na mwaka 1980 akafa ghafula huko Nairobi, umri wake ukiwa wapata miaka 41.

Wako wasemao kwamba alikosa kuiacha sanaa na kushika siasa, maana waziri waweza kumpata mwingine kesho, lakini mwalimu wa namna yake huzaliwa mara chache. Wako wasemao kwamba hakuwa na hiari, kama Renga Moi: kijiji kikiwaka moto, baba hawezi kukaa nyumbani. Swali hili lafaa kwa mdahalo wetu, na wanafunzi wa zamani walioona mengi katika nchi zetu hizi wangeweza kutusaidia kulijibu.

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Serumaga alicheza kwao, na tuzo aliyoipata ni kufa ugenini. Lakini aliwaachia vijana wa Abafumi mambo mawili yasiyoporwa na askari: mwili uliofunzwa, na heshima kwa ngoma ya jirani. Basi, wakati kundi la ngoma la shule litakapoitwa mazoezini, mwenye uvivu asiseme kwamba anakwenda kupoteza wakati wa masomo. Aende mapema, ajifunze vizuri hatua za kwao, kisha ajifunze na za mwenzake.