George Washington Carver, Rafiki wa Ardhi Iliyochoka

Mwezi wa Oktoba malisho yetu ya Kintinku huwa makavu, na mbavu za ng'ombe zahesabika. Wengi husema kosa ni la mvua peke yake. Lakini ardhi nayo huona njaa. Nataka kuwaeleza maisha ya mtu aliyeijua njaa hiyo na akaitafutia dawa ambayo hata maskini aliiweza.

George Washington Carver alizaliwa utumwani katika jimbo la Missouri, Marekani, yapata mwaka 1864. Akiwa bado mtoto mchanga, wanyang'anyi walimwiba pamoja na mama yake. Mtoto alipatikana, bali mama hakuonekana tena. Akalelewa na Bwana Moses Carver na mkewe, ambao ndio waliokuwa wakimmiliki mama yake. Mwili wake ulikuwa dhaifu, hakuweza kazi nzito, basi akazoea kutunza mimea.

Shule ya watoto weusi ilikuwa mbali, kwa hiyo aliondoka nyumbani akiwa mdogo. Alifua nguo za watu na kupika, apate kula na kusoma. Chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua. Alipofika wakamwona ni mweusi, wakamkataa. Hakukata tamaa. Mwaka 1891 aliingia Chuo cha Kilimo cha Iowa, akapata shahada ya kwanza mwaka 1894 na ya pili mwaka 1896. Mwaka huohuo Bwana Booker T. Washington alimwita Tuskegee, Alabama, kuwafundisha wana wa watu waliokuwa watumwa.

Huko alikuta ardhi iliyochoka. Pamba ilikuwa imelimwa mwaka hata mwaka, ikamaliza naitrojeni, yaani chakula kinachoyapa majani nguvu na rangi ya kijani. Wakulima walikuwa na madeni, mbolea ya dukani hawakuiweza. Ajabu ni kwamba zaidi ya robo tatu ya hewa ni naitrojeni, ila mimea mingi haiwezi kuichukua. Mwaka 1886 Mjerumani Hermann Hellriegel alikuwa ameonyesha kwamba mimea ya jamii ya kunde huipata kwa msaada wa vijidudu vinavyokaa katika vinundu vya mizizi yake.

Basi Carver hakuvumbua jambo hilo. Alilipeleka kwa mkulima. Aliwahimiza watu kupanda kunde na karanga kwa zamu na pamba. Alitoa vijitabu vya lugha nyepesi: cha kwanza, mwaka 1898, kilihusu chakula cha mifugo, na kile cha mwaka 1903 kilihusu kunde. Mwaka 1906 likaanza kutembea gari la kukokotwa na wanyama, likibeba zana na mbegu mpaka vijijini. Kijitabu chake cha mwaka 1916 kilitaja njia 105 za kutayarisha karanga. Watu husema alivumbua siagi ya karanga. Si kweli, wala sifa yake haiihitaji. Alifariki tarehe 5 Januari 1943, akazikwa Tuskegee.

Kanuni aliyoifundisha shambani hufanya kazi malishoni pia. Nyasi zikiwa peke yake humaliza naitrojeni. Zikichanganywa na mimea ya jamii ya kunde, majani na mizizi yake huoza na kuzilisha nyasi, na ng'ombe naye hurudisha sehemu kwa samadi. Lakini tukiacha mifugo ile kila kitu mpaka shinani, hakuna kitakachobaki cha kuulisha udongo.

Tena tukumbuke jirani zetu wa Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha huko mashamba makubwa ya karanga kwa matrekta na fedha nyingi. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, kwa maana mvua na udongo havikuchunguzwa vya kutosha. Carver alianza kwa kuuchunguza udongo.

Ndugu wanafunzi, tukienda likizo tung'oe mche mmoja wa kunde taratibu, tuwaonyeshe wazee vile vinundu. Kikipasuliwa kikaonekana chekundu ndani, kimo kazini. Huo ni mwanzo mzuri wa mazungumzo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne