Nyegina hadi Butiama: Alichagua Mwenyewe
Tulitoka Tarime, tukavuka daraja la Kirumi, wenzetu wa Serengeti wakatokea Mugumu. Tukakutana misheni ya Nyegina, iliyoanzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1911.

Hapa Kambarage, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, alibatizwa Desemba 1943, akaitwa Julius. Alikuwa na miaka 21, anasoma Makerere. Mimi nilibebwa na mama. Yeye alichagua mwenyewe. Akawa Rais, na bado Misa hakuiacha. Alifariki 1999, mwaka 2005 Jimbo la Musoma likaanza mchakato wa kumtangaza mwenyeheri.

Butiama, kaburini kwake, nikajiuliza: nisingebatizwa utotoni, leo ningeomba ubatizo? Nilinyamaza. Jumapili iliyofuata niliwahi Misa ya kwanza.