Verney Lovett Cameron na Picha za Njia ya Misafara

Tufundishapo habari za njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, aghalabu tunatumia picha za vitabu vya wasafiri wa Kizungu. Yafaa basi tuyajue maisha ya mmoja wa waandishi hao.

Verney Lovett Cameron alizaliwa Uingereza mwaka 1844, akawa ofisa wa jeshi la majini. Mwaka 1873 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtuma kumpelekea msaada David Livingstone. Mkuu wa wapagazi wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, aliyekwisha kusafiri na Burton, Speke na Stanley. Mwezi wa Agosti msafara ulifika Unyanyembe, ukatua katika tembe la Kwihara, karibu na Tabora. Hapo Cameron alishikwa na homa kali, hata macho yake yakapoteza nuru kwa muda.

Mwezi wa Oktoba wakawasili Chuma, Susi na wenzao, wamechukua maiti ya Livingstone, aliyefariki mwezi wa Mei. Cameron aliwashauri wamzike papo hapo. Wao walikataa, wakaendelea na safari hadi pwani. Naye Livingstone akazikwa London mwaka 1874. Cameron alishika njia ya magharibi, akapima sehemu ya kusini ya Ziwa Tanganyika, akauona mto Lukuga utokao ziwani humo, na Novemba 1875 akafika pwani ya Angola.

Kitabu chake chenye picha, Across Africa, kilitolewa mwaka 1877. Katika miaka ya 1880 aliwatungia vijana wa kwao hadithi za safari na hatari. Alifariki mwaka 1894 baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi.

Hatuna budi kukiri kwamba vitabu vya namna hii vimetuhifadhia mengi. Lakini mtoto aonyeshwaye picha bila kuulizwa neno hudhani kuwa mwenye kitabu ndiye mwenye safari. Kwa hiyo, kabla ya kumtaja Cameron, tuwaulize wanafunzi: Nani amebeba mzigo? Nani aijua njia? Na pale Kwihara, nani alikata shauri? Mtoto wa Unyamwezi, ambaye huenda babu zake walikuwa wapagazi, atajiona naye yumo katika historia. Hapo somo litakuwa limeanza.