Monge: Mtoto wa mchuuzi aliyefungua siri ya michoro

MWANAFUNZI wa chuo kikuu anapoiandikia kompyuta maagizo ili imchoree mchemraba au tufe katika tasnifu yake, anapita njia iliyosawazishwa na Mfaransa mmoja zaidi ya karne mbili zilizopita. Mtu huyo ni Gaspard Monge.

Alizaliwa mwaka 1746 katika mji wa Beaune, baba yake akiwa mchuuzi. Mwaka 1764 alichora ramani ya mji huo kwa ustadi uliomvutia ofisa mmoja wa jeshi, naye akampatia nafasi katika chuo cha wahandisi wa kijeshi cha Mézières.

Hata hivyo, kwa kuwa hakutoka katika ukoo wa makabaila, hakuruhusiwa kusoma pamoja na maofisa. Aliwekwa karakanani, akichora na kutengeneza mifano ya jasi.

Siku moja alipewa kazi ya kupanga ngome isiyoweza kufikiwa na mizinga ya adui, kazi iliyohitaji hesabu ndefu. Aliikamilisha mapema mno, hata mkuu wake akakataa kwanza kuitazama.

Monge alikuwa ameachana na hesabu hizo, akatumia mistari. Alichora kila kitu mara mbili: kinavyoonekana kutoka juu na kinavyoonekana kutoka mbele. Kwa kuoanisha michoro hiyo kwa rula na bikari, karatasi bapa ilitoa urefu, upana na kimo halisi cha umbo.

Jeshi liliifanya mbinu hiyo kuwa siri. Ni baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1795, ndipo Monge alipoifundisha hadharani jijini Paris. Kitabu chake kilitoka mwaka 1799, na mafundi na wahandisi wakapata lugha moja ya michoro.

Urafiki wake na Napoleon, aliyefuatana naye hadi Misri mwaka 1798, ulimpa heshima, kisha ukamponza. Wafalme waliporejea madarakani, mwaka 1816 alifukuzwa katika taasisi ya wanazuoni wa Ufaransa. Alifariki dunia Julai 28, 1818.

Wanafunzi wa École Polytechnique, chuo alichosaidia kukianzisha mwaka 1794, walikatazwa kuhudhuria mazishi yake. Kesho yake walikwenda kaburini kumuaga mwalimu wao. Taifa lilichelewa zaidi: mabaki yake yalihamishiwa Panthéon, wanakozikwa mashujaa wa Ufaransa, mwaka 1989.